Mashujaa Wakikutana: Harusi au Mirathi?

Ukitaka kuijua familia, usiende kwenye harusi yao. Harusini kila mtu kapendeza, kamati imeshachangisha, MC anawaita ndugu mmoja mmoja mbele, na vigelegele vinapigwa hata kwa yule mjomba asiyesalimiana na mtu. Nenda siku ya kikao cha mirathi. Hapo ndipo utajua nani anamdai nani, nani kajenga kwenye kiwanja kisicho chake, na shangazi yupi amekaa kimya miaka ishirini akisubiri siku hiyo afungue mdomo.

Huo ndio mzani ninaoutumia kupima zile hadithi kubwa za katuni za Kimarekani zinazowakusanya mashujaa wa kampuni nzima ndani ya kisa kimoja. Kwa asiyezijua, utaratibu wake ni huu. Siku za kawaida Spider-Man ana jarida lake, Captain America ana lake, X-Men wana yao kadhaa. Kila jarida lina mwandishi na mchoraji wake, linatoka kila mwezi, na halimjali sana jirani. Halafu kampuni inapiga mbiu: safari hii wote wanakutana. Kunakuwa na mfululizo mkuu, tuseme matoleo saba au kumi na mawili, na majarida mengine yanaburutwa humo kama matoleo ya pembeni. Matangazo yanakuapia kwamba baada ya hapa hakuna kitakachobaki kama kilivyokuwa. Mimi naziita hadithi za makutano.

Kiapo hicho kimeshatolewa mara nyingi mno, na wasomaji wamechoka. Nawaelewa. Wengi wetu huku hatuna duka la katuni mtaani. Tunasoma kwenye simu kwa kulipia, au tunaagiza kitabu kilichokusanya matoleo yote pamoja, na kitabu kimoja cha namna hiyo ni hela ya kuumiza. Halafu unafika mwisho, shujaa kafa, umehuzunika kidogo, mwaka unaofuata unamkuta kwenye jalada akitabasamu. Sasa hapo mtu ufanyeje? Uendelee kutoa machozi kwa mkopo?

Jibu langu ni hili: hadithi ya makutano inastahili kusomwa pale ambapo kukutana kwenyewe ndiko kunakoleta tabu. Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Ukiona wengi wamekusanywa na hayo mengi hayapo, umealikwa harusini. Kula pilau, piga picha, nenda zako. Ukiona wamekusanyika na kuna jambo lisiloweza kusemwa mpaka wote wawe chumba kimoja, kaa chini usome. Hicho ni kikao cha mirathi.

Tuanze na ukweli usiopendeza sana: hadithi hizi ni watoto wa biashara. Mwaka 1982 Marvel walitoa *Contest of Champions*, matoleo 3. Mashujaa wananyakuliwa duniani kote, wanagawanywa timu mbili kama mechi ya mchangani, na wanatumwa kutafuta vipande vya mpira wa dhahabu ili kumaliza ubishi wa viumbe wawili wakubwa kuliko wao. Huo ndio mwanzo na huo ndio mwisho. Miaka miwili baadaye ikaja *Secret Wars*, matoleo 12 kuanzia 1984 hadi 1985, iliyoandikwa na Jim Shooter na kuchorwa zaidi na Mike Zeck. Nyuma yake alikuwepo mtengenezaji wa midoli, Mattel, aliyetaka hadithi kubwa ya kuuzia midoli ya Marvel. Kwa maelezo ya Shooter mwenyewe, hata jina lilitokana na maneno ambayo watoto waliohojiwa waliyapenda: vita na siri.

Siwezi kudanganya, *Secret Wars* ina raha zake. Ile picha ya Hulk akiuzuia mlima kwa mikono na mgongo ili wenzake wasipondwe bado inanisisimua. Lakini jiulize: hawa watu kukutana kwao kumewafanya nini? Kiumbe mwenye uwezo usio na mipaka kawabeba mashujaa na maadui zao hadi sayari ya mbali, kawaambia wapigane, wamepigana. Ungewapunguza nusu, hadithi ingesimama vilevile. Kilichobaki baada ya hapo ni vazi jeusi ambalo Spider-Man alirudi nalo nyumbani, lile ambalo miaka michache baadaye lilizaa adui aitwaye Venom. Tena maisha ya vazi hilo yalikuja kuwa na maana kwenye majarida yake mwenyewe ya kila mwezi, mbali na umati. Yaani zawadi kubwa ya harusi hiyo iliwekwa kwenye begi na kufunguliwa nyumbani.

Sasa linganisha na walichofanya DC, kampuni pinzani, mwaka huohuo wa 1985. Shida yao ilikuwa ya kweli, na ilianza zamani. Mwaka 1961 mwandishi Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino walitunga kisa ambamo Flash wa siku hizo, Barry Allen, anakutana na Flash wa miaka ya 1940, Jay Garrick. Kuhalalisha mkutano huo wakasema kuna dunia mbili zinazokaa mahali pamoja bila kuonana. Wasomaji wakapenda. Basi zikaongezwa dunia nyingine, na nyingine, hadi kukawa na Superman huyu na Superman yule, kijana na mzee, na mhariri mwenyewe anahitaji daftari kujua nani ni nani.

DC ilipotimiza miaka 50 ikaamua kufagia. *Crisis on Infinite Earths*, matoleo 12 ya Marv Wolfman na George Pérez, ni fagio hilo. Kiumbe aitwaye Anti-Monitor anazila dunia moja baada ya nyingine, na mashujaa wa kila dunia wanakusanyika kuokoa kinachookoleka. Hapa wingi ndio ugonjwa wenyewe. Kila shujaa unayemwona kwenye ukurasa ni sehemu ya msongamano ambao hadithi imekuja kuupunguza, na Pérez, mchoraji ambaye hakuogopa kujaza ukurasa mmoja kwa watu mia, anakufanya uusikie msongamano huo kwenye kifua. Unawatazama wote na unajua hawatatosha kwenye dunia itakayobaki.

Watu wengi wanakumbuka vifo viwili. Toleo la 7 Supergirl anakufa akimwokoa binamu yake Superman, na lile jalada la Superman akiwa amembeba huku analia limeigwa na kutaniwa mara nyingi sana. Toleo la 8 Barry Allen anakufa akikimbia hadi mwili unaisha, ili kuharibu silaha ya adui. Angalia tofauti. Supergirl anafia mbele ya umati, analiliwa, anazikwa kwa heshima. Barry anakufa peke yake. Hakuna mwenzake hata mmoja aliyekuwepo kumshuhudia. Kwenye hadithi iliyojaa watu hadi pembeni mwa karatasi, tendo kubwa kuliko yote linafanywa na mtu mmoja bila mtazamaji wa upande wake.

Halafu yanakuja malipo, na malipo ndiyo yanayoitofautisha hadithi hii na nyingine. Dunia zikishaunganishwa kuwa moja, historia inaandikwa upya, na kwenye historia hiyo Superman hakuwahi kuwa na binamu. Waliomlilia Supergirl hawamkumbuki tena. Amekufa mara mbili, mara ya pili kwa kalamu. Barry naye anamwachia vazi kijana wake, Wally West, na Wally analivaa kwa kweli: analikuza, analiogopa, analizoea, kwa miaka. Supergirl yule alirudishwa 2004 na Barry akarudi 2008. Ndiyo, walirudi. Lakini kati ya kifo na kurudi kwa Barry kilipita kipindi cha zaidi ya miaka 20, na kuna kizazi kizima ambacho Flash wao alikuwa Wally, basi. Deni lile lililipwa kwa awamu, kila mwezi, kwenye jarida la kawaida. Ndiyo maana sikubali ile hoja kwamba vifo vya katuni ni utani kwa sababu marehemu hurudi. Kurudi sio kosa. Kosa ni kurudi kabla mtu yeyote hajaishi na pengo.

Pengo hilo ndilo lililojengwa kuwa hadithi nzima mwaka 1995, na safari hii ni Marvel. Kwenye *Age of Apocalypse*, mtoto wa Profesa Xavier anarudi zamani ili amuue Magneto, adui wa baba yake, na kwa bahati mbaya anamuua baba mwenyewe. Dunia inayofuata haina Xavier. Imetawaliwa na Apocalypse, na utawala wake ni wa mauaji. Kampuni ikafanya jambo la ujasiri: kwa miezi minne majarida yote ya X-Men yalisimamishwa na mahali pake yakatoka mengine yenye majina mapya, kana kwamba dunia ya zamani haikuwahi kuwepo. *Uncanny X-Men* ikawa *Astonishing X-Men*, *Wolverine* ikawa *Weapon X*, na kadhalika.

Kwa nini hii inasomeka hadi leo? Kwa sababu wote waliokusanyika wamekusanyika kuzunguka kiti kitupu. Magneto, aliyekuwa adui, ndiye anayeongoza X-Men kwa jina la rafiki aliyemfia mikononi, na mtoto wake kampa jina hilohilo, Charles. Hakuna hotuba inayoweza kueleza Xavier alikuwa nani vizuri kuliko hapo. Unamjua mzee kwa namna nyumba inavyoyumba baada yake. Hapa kuna mirathi kwa maana halisi: watu wanagombania walichoachiwa, na walichoachiwa ni wazo tu.

Nije kwenye hadithi ninayogombana nayo zaidi, *Civil War* ya mwaka 2006 hadi 2007, matoleo 7 ya Mark Millar na Steve McNiven. Filamu ya 2016 iliyochukua jina hilo wengi wameiona, lakini kitabuni mambo ni mengine. Kundi la mashujaa vijana wanaorekodi kipindi cha televisheni wanavamia nyumba ya wahalifu mjini Stamford, jimbo la Connecticut. Mmoja wa wahalifu anajilipua. Wanakufa zaidi ya watu 600, wakiwemo watoto wa shule. Serikali inatunga sheria: kila mwenye nguvu za ajabu ajisajili, avue barakoa, afanye kazi chini ya dola. Tony Stark, yaani Iron Man, anaunga mkono. Captain America anakataa na kuingia msituni, kama tunavyosema.

Kama wazo, hili ni kikao cha mirathi cha kiwango cha juu. Mvunja nchi ni mwananchi. Hakuna kiumbe kutoka angani, hakuna sayari ya mbali. Wamekutana watu waliokula sahani moja miaka yote na wamegundua hawakuwahi kukubaliana kuhusu jambo la msingi: nani anawapa haki ya kufanya wanachofanya? Swali hilo shujaa mmoja kwenye jarida lake anaweza kulikwepa milele. Wakiwa wote mezani, halikwepeki. Ilitoka miaka michache tu baada ya Septemba 11, wakati Wamarekani wenyewe wanabishana ni uhuru kiasi gani unauzwa ili ununue usalama, na ubishi huo unausikia kila ukurasa.

Na ina tendo moja ambalo naliona ndilo bora kuliko yote kwenye aina hii ya hadithi. Toleo la mwisho, Captain America anakaribia kushinda pambano dhidi ya Stark katikati ya mji. Wanaomrukia na kumzuia ni wazima moto, polisi, watu wa huduma ya kwanza. Watu wa kawaida. Anawashangaa, kisha anatazama pembeni anaona mji ulivyobomolewa na yeye na wenzake. Anajisalimisha. Wapiganapo tembo nyasi huumia, sote tunaujua msemo huo; hapa nyasi zimenyanyuka zikamkamata tembo mguu. Ukurasa huo ukiufikia bila kuambiwa, unakukaba.

Tatizo ni kwamba hadithi iliyobaki haikustahili ukurasa huo. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto Stamford, Miriam Sharpe, anamtemea Stark mate kwenye ibada ya mazishi. Baada ya hapo karibu kila mtu anazisahau zile roho 600 na kushughulika na nani kahamia upande gani. Sheria yenyewe hatuielewi vizuri. Jarida hili linasema adhabu ni hivi, lile linasema vile. Na angalia nani anauawa kwenye pambano kubwa la katikati: Bill Foster, aitwaye Goliath, mwanasayansi mweusi ambaye wakati huo hakuwa na jarida lake mwenyewe. Anauawa na nakala ya Thor iliyotengenezwa maabara na upande wa Stark. Msafara wa mamba na kenge wamo, lakini kwenye hadithi za makutano wanaokufa ni kenge, kwa sababu mamba wana majarida ya kuuza mwezi ujao. Msomaji mzoefu ananusa hilo mapema, na akishanusa, vita vinageuka mchezo wa kuigiza.

Spider-Man naye anavua barakoa mbele ya kamera, anajitangaza kuwa ni Peter Parker, na bosi wake wa zamani wa gazeti anazimia palepale. Ni tukio zito. Mtu aliyeilinda siri kwa miaka zaidi ya 40 ya majarida kaimwaga hadharani. Malipo yakaanza kuja: shangazi yake anapigwa risasi. Halafu, ndani ya mwaka mmoja, kampuni ikaona bei ni kubwa mno. Kwenye hadithi iliyofuata Peter anafanya mapatano na Mephisto, ambaye ni shetani, simaanishi kwa mafumbo. Shangazi anapona, dunia inasahau jina lake, na ndoa yake inafutwa kana kwamba haikufungwa. Barry Allen aliacha pengo la miaka 20. Huyu deni lake limelipwa na shetani kwa usiku mmoja.

Lakini kinachonikera mimi kama mwandishi wa habari kiko kwenye mfululizo wa pembeni, *Civil War: Front Line*, wa Paul Jenkins. Wazo lake ni zuri sana: vita hivi vionwe na waandishi wawili, Ben Urich na Sally Floyd, watembee mitaani, wahoji wafiwa, wazitafute zile roho 600 ambazo mfululizo mkuu umezisahau. Mwanzoni wanafanya hivyo. Mwishoni Sally anapata nafasi ambayo kila mwandishi angeiotea ndoto, kumhoji Captain America gerezani, na anaitumia kumgombeza kwamba haijui MySpace wala YouTube, wala haangalii mashindano ya magari, eti kwa hiyo haijui tena Marekani. Baada ya hapo waandishi wote wawili wanagundua kwamba Stark alichochea karibu vita nyingine kwa siri. Wana habari ya karne mkononi. Wanamwendea, wanamwambia wanajua, kisha wanaamua kutoichapisha kwa faida ya nchi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho polepole. Waliopaswa kuwa macho ya watu wa kawaida ndani ya hadithi wanaishia kumtunzia siri mkubwa, na hadithi inataka tuwaone kuwa wamekomaa. Nimekaa kwenye vyumba vya habari vya kutosha kujua kwamba uamuzi wa namna hiyo hufanyika kweli. Ila ukifanyika hauitwi ukomavu, na anayelipa ni yule mama wa Stamford, ambaye ataendelea kuambiwa kwamba mambo yameshughulikiwa. Hadithi ya makutano inapowasahau wasiovaa vazi, imesahau kwa nini mashujaa waliitwa kikaoni.

Aliyelielewa hilo vizuri ni Jonathan Hickman. *Secret Wars* yake ya 2015, iliyochorwa na Esad Ribić, ilichukua jina la ile ya midoli na kuligeuza. Aliiandaa kwa miaka kwenye majarida ya kila mwezi, hasa *New Avengers*. Huko tunakuta kikao cha siri cha watu wachache: Reed Richards, Tony Stark, T'Challa wa Wakanda, Namor, Doctor Strange na wengine wawili watatu. Wamegundua kwamba dunia za malimwengu tofauti zinagongana na yetu, mbili mbili, na kila zikikaribiana kuna saa nane tu za kuchagua. Isipoangamizwa moja, zinakufa zote mbili pamoja na malimwengu yake. Hiyo dunia nyingine ina watu, ina watoto wanaokwenda shule. Utafanya nini?

Ndani ya kikao hicho Captain America anasema hapana, hatutaua dunia ili tuishi. Wenzake wanamfuta kumbukumbu na kumrudisha nyumbani. Kura ya hapana imefutwa ndani ya kichwa cha mpiga kura. Na T'Challa anakaa meza moja na Namor, mtu aliyeifurikisha Wakanda kwa maji na kuua watu wake, kwa sababu kazi iliyopo inawahitaji wote wawili. Sijui kikao kikali kuliko hicho kwenye katuni za mashujaa. Hakuna ngumi, ni wanaume kadhaa wenye akili nyingi wakijifundisha kidogo kidogo kukubali jambo wasilopaswa kukubali. Yeyote aliyewahi kuripoti kamati anaijua sauti hiyo.

Mwishowe wanashindwa, malimwengu yanakufa, na aliyeokoa vipande vilivyobaki ni Doctor Doom, adui mkubwa wa Reed. Ameviunganisha kuwa dunia moja ya viraka, amejifanya mungu wake, na amejichukulia mke na watoto wa Reed kama familia yake. Kwa hiyo hadithi yenye mashujaa wasiohesabika inaishia kwa wanaume wawili na swali moja: ukipewa uwezo wote, wewe ungefanya vizuri kuliko mimi? Doom analazimika kukiri kwamba ndiyo, Reed angefanya vizuri zaidi, na kukiri huko kunammaliza kuliko kipigo chochote.

Ina dosari zake. Matoleo ya pembeni yalikuwa makumi, na mengi ni harusi tupu. Yaruke bila huruma. Mfululizo mkuu uliopangwa kuwa na matoleo 8 ukawa na 9, ukachelewa hadi Januari 2016, ilhali majarida mapya yanayoonyesha dunia imeshatengemaa yalianza kutoka Oktoba 2015. Msomaji alijua mgonjwa kapona kabla hajasimuliwa upasuaji. Ukiisoma leo kama kitabu kizima, dosari hiyo haikugusi. Hiyo ni faida yetu sisi tunaochelewa.

Najua kuna atakayeniuliza: sasa ndugu, harusi zina ubaya gani? Si watu wanataka kumwona tu Superman akipeana mkono na Thor? Haki yake. Na kwa huyo nina jibu zuri: asome *JLA/Avengers* ya Kurt Busiek na George Pérez, matoleo 4 ya mwaka 2003 na 2004, ambamo mashujaa wa DC na wa Marvel wanakutana. Mradi huo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukakwama kwa sababu kampuni hizo mbili hazikuelewana. Pérez alisubiri takriban miaka 20 kuuchora. Alipoupata, alichora kila aliyewahi kuwa mwanachama wa kundi lolote kati ya hayo mawili. Kama kuna harusi kubwa kwenye katuni, ndiyo hiyo.

Lakini hata humo Busiek amepenyeza mirathi. Superman anaitazama dunia ya Marvel, imejaa chuki na magofu, anawalaumu wenyeji wake kwa uzembe. Captain America anaitazama dunia ya DC, ambako mashujaa wanajengewa sanamu na makumbusho, ananusa udikteta. Kila mmoja amekuja ugenini na kuona kasoro ya mwenyeji ambayo mwenyeji alishaizoea. Halafu, dunia zao zikiwa zimevurugwa na kuchanganywa kuwa maisha mapya yenye amani zaidi, mashujaa wanaonyeshwa maisha yao halisi yalivyo: nani atapoteza mke, nani atapoteza mtoto, nani ameshakufa. Barry Allen yumo, na anaona kifo chake. Wanaulizwa wataka dunia ipi. Wanachagua ile halisi, pamoja na vifo vyake, kwa sababu watu wa dunia hizo ni wa kwao na hawana haki ya kuwabadilishia maisha ili wao wapumue.

Mapema mwaka 2022 kitabu hicho kilichapishwa upya, nakala 7,000 tu, kwa ajili ya kumuenzi Pérez aliyekuwa mgonjwa. Alifariki Mei mwaka huohuo. Yeye ndiye aliyemchora Barry akikimbia peke yake mwaka 1985, na ndiye aliyemchora miaka 18 baadaye akiwa na wenzake wote, akijua kinachomsubiri, akisema twendeni. Ukipata nafasi ya kusoma mbili tu kati ya zote nilizozitaja, soma hizo, kwa mpangilio huo.